Kubwa Kuliko Zote Haina Haraka

Kalvati ni hesabu iliyomwagiwa saruji. Kabla ya lori kuleta mabomba, kuna mtu mahali fulani, mara nyingi ofisini na mbali na tope, aliyejibu swali moja: mvua kubwa kuliko zote hapa itakuwa kubwa kiasi gani? Akizidisha, pesa za barabara nzima zinaishia kwenye bomba moja. Akipunguza, Aprili ikifika Kuresoi inakatika vipande. Lori la viazi linalala upande wa Keringet, mnunuzi anangoja Molo, maziwa yanaharibika kwenye mitungi, na mama mjamzito anafikishwa na boda hadi ukingoni, kisha anavushwa mgongoni.

Nimekuwa nikisoma historia ya swali hilo kwa muda sasa. Jibu lake, kwa namna fulani, lipo tangu 1928, na ni zuri ajabu. Kilichonikaa kichwani ni kitu kingine ambacho waliolipata jibu walikiona siku ileile, wakakiandika, na wengi waliokuja baadaye wakakiruka: jibu hilo ni la kweli mwishoni, na mwisho wenyewe unachelewa sana.

Kwa msomaji anayeijua Kuresoi kupitia taarifa za habari tu (na za 1992 na 2008 hazikuwa habari za kufurahisha), hii ni sehemu ya Mau iliyo magharibi mwa Kaunti ya Nakuru. Ni baridi, ni nyanda za juu, na ni shamba la viazi, pareto, mahindi na chai. Ni mnara wa maji pia. Mvua ikianguka hapa, vijito kama Itare na Kiptiget huingia Sondu na kwenda Ziwa Victoria. Ikianguka hatua chache mashariki, inafuata Mto Molo hadi Baringo. Kila kijito hicho kinavuka barabara mahali fulani, na kila mahali hapo panahitaji shimo la kupitisha maji. Ndiyo sababu nadharia ya mambo makubwa kupindukia, ambayo darasani huonekana kama mchezo wa alama za Kigiriki, huku ni suala la kufika sokoni.

Hebu tuanze na jinsi shimo linavyopimwa. Katika miaka ya 1960 na 1970, Maabara ya Utafiti wa Usafiri na Barabara ya Uingereza, TRRL, ilifanya kazi Kenya na Uganda kupima vijito vidogo na mvua zake. Mwaka 1974 Fiddes na wenzake wawili, Forsgate na Grigg, walitoa ripoti ya kutabiri mvua za dhoruba Afrika Mashariki. Mwaka 1976 Fiddes akatoa ile ambayo mainjinia wa barabara hapa bado wanaijua kama mfano wa mafuriko wa Afrika Mashariki. Ndani yake kuna ramani mbili ambazo ningeziweka kwenye jumba la makumbusho kama ningekuwa na uwezo. Moja inaonyesha mvua ya siku moja ambayo huzidiwa kwa wastani mara moja kila miaka 2. Nyingine inaonyesha uwiano: mvua ya miaka 10 ni mara ngapi ya ile ya miaka 2. Unatafuta kijito chako, unasoma namba mbili, unazidisha, unaendelea.

Ile "miaka 10" inachanganya watu kila siku. Mafuriko ya miaka 10 hayana saa mkononi. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 10 wa kuzidiwa. Kalvati iliyopimwa kwa kiwango hicho ina uwezekano wa karibu asilimia 65 wa kuzidiwa angalau mara moja ndani ya miaka 10. Hata "mafuriko ya miaka 100", yale ambayo waziri huyataja kwenye televisheni kana kwamba ni ajali ya mbinguni, yana uwezekano wa karibu asilimia 26 wa kutokea ndani ya miaka 30. Umri wa mkopo wa nyumba, yaani.

Sasa, namba ya miaka 100 inatoka wapi kama kipimamvua chako kina miaka 30? Hapo ndipo historia inapoanza.

Mwaka 1927, katika jarida la wanahisabati wa Poland, Mfaransa Maurice Fréchet alichapisha makala kuhusu kile kilicho kikubwa kuliko vyote katika sampuli. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, Ronald Fisher na Leonard Tippett, walilitoa jambo lote wazi. Tippett alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa pamba huko Manchester. Tatizo lake lilikuwa uzi: uzi haukatiki mahali palipo pa wastani, hukatika pale palipo dhaifu kuliko pote. Wastani haumsaidii mtu wa uzi, kama usivyomsaidia mtu wa kalvati.

Walichogundua ni hiki. Chukua vipimo vingi vinavyotoka chanzo kimoja, visivyotegemeana. Chagua kilicho kikubwa kuliko vyote. Rudia zoezi mara nyingi, kila mara sampuli ikiwa kubwa zaidi, na usawazishe kipimo ipasavyo. Basi, kama hizo namba kubwa zitatulia kwenye umbo lolote la maana, kuna maumbo matatu tu zinazoweza kutulia. Matatu! Haijalishi ulianza na mvua, uzi au urefu wa watu. Leo maumbo hayo yanaitwa Gumbel, Fréchet na Weibull. Katika umbo la Weibull kuna dari: kiwango ambacho hakizidiwi. Katika Fréchet mkia ni mzito, na maajabu makubwa huja mara nyingi kuliko unavyotarajia. Gumbel iko katikati. Boris Gnedenko, Mrusi, alikamilisha uthibitisho mwaka 1943, vita vikiendelea.

Na aliyeipeleka nadharia hiyo kwenye mito ni Emil Gumbel. Huyu hawezi kupita bila maneno mawili. Alizaliwa Munich mwaka 1891, Myahudi, mpinga vita, na kabla dunia haijamjua kwa mafuriko, alijulikana Ujerumani kwa kuhesabu maiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alichapisha hesabu ya mauaji ya kisiasa yaliyofuata Vita vya Kwanza: 354 ya mrengo wa kulia, 22 ya mrengo wa kushoto, pamoja na vifungo walivyopewa wauaji wa kila upande. Jedwali hilo lilionyesha mahakama zilikuwa za nani. Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimfukuza 1932. Akaenda Ufaransa, Wanazi walipoingia wakamvua uraia, na 1940 akakimbilia Marekani. Kitabu chake kikuu cha takwimu za mambo ya kupindukia kilitoka 1958. Mimi hupenda kufikiri kwamba mtu wa Kuresoi angemwelewa Gumbel haraka. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na Kuresoi na Molo zilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Huku watu wanajua kwamba namba iliyoandikwa ni tofauti na namba inayosemwa.

Gumbel alilipenda umbo lililopewa jina lake, na mainjinia wakalipenda zaidi. Lina vigezo viwili tu, unaweza kulichora kwenye karatasi maalum ukapata mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka una ushawishi mkubwa kwa mwanadamu. Unaweka nukta zako 30, unachukua rula, unavuta hadi kwenye miaka 100. Imeisha.

Lakini turudi 1928, ndani ya makala ya Fisher na Tippett yenyewe. Tippett alikuwa ameshafanya kazi ya kuchosha ya majedwali mwaka 1925, akihesabu ukubwa wa namba kubwa zaidi katika sampuli hadi za 1,000 kutoka mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele. Alijua namba hizo kwa vidole. Alipoziweka kando ya umbo la mwisho, hazikukaa. Nadharia inasema kengele huishia Gumbel, na kweli huishia huko, lakini hata sampuli ya 1,000 ilikuwa bado iko mbali. Wawili hao wakaandika waziwazi kwamba safari hii ni ya polepole kupindukia, na wakapendekeza kitu cha busara sana: badala ya kutumia umbo la mwisho, tumia lile la steji ya kabla ya mwisho, umbo tofauti kidogo linalobadilika sampuli inavyokua. Ni kama kumwambia abiria kwamba gari linakwenda Nakuru, ila kwa sasa liko Njoro, kwa hiyo akitaka kujua hali ya hewa dirishani, aangalie ya Njoro.

Ni polepole kiasi gani? Swali hilo lilikaa nusu karne. Mwaka 1979 Peter Hall, Mwaustralia, alilijibu. Kwa mgawanyo wa kengele, hata ukisawazisha kipimo kwa njia bora kuliko zote, kosa lako haliwezi kupungua haraka kuliko moja chini ya logi ya ukubwa wa sampuli.

Sentensi hiyo inaonekana baridi. Tuipashe moto kwa kuiweka kwenye mwaka wa mvua.

Mwaka una siku 365. Mvua kubwa ya mwaka ndiyo kubwa kati ya siku 365. Logi asilia ya 365 ni karibu 5.9. Ukitaka kosa lipungue nusu, unahitaji logi iwe mara mbili, karibu 11.8. Na ili logi iwe mara mbili, lazima namba yenyewe uizidishe kwa yenyewe: 365 mara 365, yaani siku 133,225. Hiyo ni miaka 365 kwa kila "kubwa" moja. Unataka kosa lipungue tena nusu, libaki robo? Izidishe hiyo kwa yenyewe: siku bilioni 17.7, zaidi ya miaka milioni 48. Bonde la Ufa lenyewe halikuwa na sura hii wakati huo.

Sasa linganisha na mgawanyo mwingine, wa eksponenshali, ambao mkia wake unashuka kwa mpangilio rahisi zaidi. Nao huishia Gumbel, umbo lilelile. Ila kwake kosa hupungua kwa moja chini ya ukubwa wa sampuli. Ukitaka nusu ya kosa, ongeza siku kutoka 365 hadi 730. Basi. Magari mawili yana kibao cha Nakuru. Moja linafika kabla chai haijapoa, la pili litafika, usijali, ila usimwambie mtu akungoje steji. Na kuna la tatu: mgawanyo wa lognomali, ambao watu wa mito huupenda, unakwenda polepole hata kuliko kengele. Kwake kupunguza kosa kwa nusu kunadai sampuli izidishwe kwa yenyewe, kisha jibu hilo nalo lizidishwe kwa lenyewe.

Kabla hujaniambia kwamba mvua haina umbo la kengele: ni kweli, haina. Mvua ya siku ina sifuri nyingi na mkia mrefu. Lakini hilo halitupi nafuu, kwa sababu hatujui ni gari lipi tumepanda. Na ile 365 yenyewe ni ya heshima tu. Siku nyingi za Januari Kuresoi hazina mvua, na siku za mvua huja kwa makundi, leo ikifuata jana. Sampuli halisi ndani ya mwaka ni ndogo kuliko kalenda inavyosema.

Kosa linaangukia upande gani? Hapa ndipo injinia anapaswa kukosa usingizi. Ikiwa chanzo chako kinafanana na kengele, umbo la kabla ya mwisho lina dari, na kutumia Gumbel kutakufanya ujenge zaidi ya haja. Hasara ni pesa. Ikiwa chanzo kinafanana na lognomali, umbo la kabla ya mwisho lina mkia mzito, na Gumbel itakudanganya kwa upole: namba za miaka 2 na 5 zitakaa sawa, ya 10 itakaa karibu sawa, halafu ya 100 itakuwa ndogo mno. Mwaka 2004 Demetris Koutsoyiannis wa Athene alichukua rekodi za mvua za vituo 169 vya Ulaya na Marekani, kila moja ikiwa na miaka 100 au zaidi. Alikuta kwamba mkia mzito ndio unaozifaa, na kwamba ukizikata rekodi hizo ziwe fupi, Gumbel inaonekana nzuri kabisa. Rekodi fupi humpa Gumbel cheti asichostahili. Na Afrika Mashariki karibu rekodi zetu zote ni fupi.

Kwa hiyo nikiitazama ramani ya Fiddes ya uwiano wa miaka 10 kwa 2, naona kiasi. Haikudai miaka 1,000. Ilikaa karibu na data. Tatizo huanza tunapoichukua kalamu hiyohiyo na kuvuta mstari mbali.

Na kuna jambo la pili ambalo nadhani Kuresoi inalijua kuliko Cambridge. Nadharia yote hii inadai vipimo vitoke chanzo kimoja. Kwa mvua, tuseme tunaweza kujidanganya kidogo. Kwa mto, hapana. Mto ni mvua iliyopita kwenye ardhi, na ardhi ya Mau haijawahi kutulia. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilifungua makazi ya Olenguruone kwa Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwingine, ikawafukuza kufikia 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1950, upande wa Kericho wa msitu uleule, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, lilianza jaribio zuri: kijito cha Sambret kikakatwa msitu na kupandwa chai, jirani yake Lagan akaachwa na msitu wake, na maji ya wote wawili yakapimwa kwa miaka. Chai ilipofunika ardhi, na udongo ukiwa umelindwa, matumizi ya maji hayakutofautiana sana na ya msitu. Lakini hiyo ilikuwa chai ya kampuni, yenye matuta na mifereji ya uangalifu. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 50,000 kwenye hifadhi za Mau Mashariki na Mau Kusini Magharibi. Sehemu kubwa ikawa mashamba madogo, viazi na mahindi kwenye miteremko. Watafiti waliopima vijito vya Mau Kusini Magharibi miaka ya karibuni wamekuta kwamba kijito cha mashamba madogo hubeba tope nyingi kuliko cha chai au cha msitu.

Silaumu mkulima wa shangi. Analima alipopewa, na historia ya nani alipewa nini huku ni ndefu kuliko makala hii. Ninasema tu kwamba kuna kasi mbili zinazoshindana. Hesabu inatembea kwa logi. Ardhi inabadilika kwa kizazi kimoja, wakati mwingine kwa tangazo moja la gazeti la serikali. Kabla namba ya mto haijakaribia umbo lake la mwisho, mto wenyewe umeshakuwa mwingine, na rekodi ya 1965 na ya 2015 zimeandikwa kwenye daftari moja kana kwamba ni ndugu.

Haya yanakuwa mazito zaidi ukitoka kwenye kalvati ukaenda kwenye bwawa. Hapahapa Kuresoi kuna Itare, bwawa lililokusudiwa kupeleka maji hadi mji wa Nakuru. Ujenzi ulizinduliwa 2017, ukasimama 2018 mkandarasi wa Italia alipoingia kwenye shida za fedha. Magazeti yameandika sana juu ya pesa zake, na ni haki. Mimi hufikiria pia mlango wake wa kumwaga maji ya ziada, sehemu ya bwawa ambayo haipigwi picha. Mabwawa makubwa duniani hupimiwa mlango huo kwa mafuriko ya miaka 1,000 au 10,000, na mtu anayetafuta namba hiyo Mau ana rekodi ya miongo michache. Ni kuvuta rula kutoka Molo hadi Mombasa kwa kutumia nukta zilizo ndani ya kituo cha matatu.

Kaunti hii inajua bei. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai usiku, katika masika mazito, na watu wasiopungua 47 wakafa. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani kwa sababu njia yake ya chini ilikuwa imezibwa na takataka na miti. Yakalipasua tuta, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Ya Mai Mahiu tusimbebeshe Gumbel. Shimo lililoziba ni shimo la kipenyo sifuri, na hakuna mgawanyo unaolisaidia. Kufukua mifereji kabla ya Machi kungeokoa watu wengi kuliko makala yoyote ya takwimu, pamoja na hii.

Ila kuna kazi moja ambayo ni ya takwimu hasa, na ni ya bei nafuu. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa ya pamoja hadi jumuiya ilipovunjika 1977, na vituo vyake vingi vya mvua vilikuwa kwenye mashamba, misheni na shule, vikisomwa na watu wa kujitolea. Mashamba yalipogawanywa na wasomaji kuzeeka, vituo vingi vilinyamaza. Hatuwezi kuharakisha logi. Tunaweza kuacha kupoteza miaka. Kipimamvua ni mtungi, faneli na kijiti au bilauri yenye alama. Husomwa saa tatu asubuhi kila siku, na kinachosomwa ni mvua ya saa 24 zilizopita. Siku ambayo haikunyesha, msomaji asiache nafasi wazi. Aandike 0, kwa sababu miaka 40 baadaye mtu atakayefungua daftari hataweza kujua kama nafasi ile tupu ilikuwa jua, au ilikuwa siku ambayo daraja lilisombwa na msomaji akashindwa kuvuka.